Mluzi wa Pomboo Uingie Kwenye Faili Lake

BARUA YA WAZI

KWA: Wakurugenzi, madaktari wa wanyama na wakufunzi wa taasisi zinazofuga pomboo Marekani, Bermuda, Ulaya, nchi za Ghuba na Afrika Kusini, pamoja na vyama vinavyozipa taasisi hizo ithibati.

YAH: OMBI LA KUHIFADHI NA KUHESHIMU SAUTI YA KILA POMBOO ALIYE CHINI YA MATUNZO YENU

Waheshimiwa,

Nakwenda moja kwa moja kwenye ombi. Kila pomboo mnayemfuga ana faili. Humo mna tarehe yake ya kuzaliwa au ya kuvuliwa, uzito, majibu ya damu, kilo za samaki anazokula kwa siku, dawa alizopewa na mabwawa aliyopitia. Naomba faili hilo liongezwe ukurasa mmoja, ukurasa wa mluzi wake. Na ukurasa huo usiwe pambo. Usomwe kabla mnyama hajahamishwa, kabla mtoto hajatengwa na mama yake, na kabla pampu mpya haijafungwa kando ya bwawa.

Siandiki kujadili kama pomboo wafugwe au wasifugwe. Mjadala huo una wenyewe, na baadhi ya nchi zimeshakata shauri: India ilikataza mabwawa ya maonyesho 2013, Canada ikapitisha sheria yake 2019, Ufaransa 2021, Mexico 2025. Lakini sheria haimwondoi mnyama aliyekwisha kuzaliwa bwawani. Nellie, jike aliyezaliwa Marineland ya Florida 1953, alikufa 2014 akiwa na miaka 61. Uzalishaji ungesimama leo duniani kote, bado watoto waliozaliwa kwenu mwaka jana wanaweza kuishi hadi wakati ambao wengi wetu tutakuwa tumeshazikwa. Wanyama hao wanahitaji kanuni njema sasa, ushindi wa mjadala uende upande wowote utakaokwenda.

Mtauliza mtu wa Unguja ana lipi na mabwawa ya Florida. Ninalo. Pomboo pua-chupa wa Bahari ya Hindi, yule anayeonekana Kizimkazi kwetu na Wasini kwa jirani zetu wa Kenya, ni wa aina ile ile iliyofugwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, na ile ile iliyosafirishwa kwa ndege kutoka Visiwa vya Solomon kwenda Dubai 2007, pomboo 28 kwa mkupuo. Isitoshe, ndugu zetu wengi wanaishi na kufanya kazi Dubai, Abu Dhabi na Muscat, na siku ya mapumziko huwapeleka watoto kwenye maonyesho. Wao ni wanunuzi wa tiketi zenu. Ndiyo maana barua hii ni ya wazi: nataka nao waisome.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu sauti za pomboo ilipatikana mabwawani. Mwaka 1965 peke yake unatosha kuonyesha jinsi bwawa linavyoweza kutumika vizuri, na jinsi linavyoweza kutumika vibaya.

Mwaka huo, katika kisiwa cha St. Thomas kule Karibi, daktari John Lilly alikuwa anaamini pomboo anaweza kufundishwa kusema Kiingereza. Sehemu ya fedha zake ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani. Nyumba ikajazwa maji kiasi cha magoti, na mwanamke kijana, Margaret Howe, akaishi humo na pomboo dume aliyeitwa Peter, akimfundisha kutamka maneno na kuhesabu kwa kutumia tundu la pumzi lililo utosini. Peter alijitahidi kufuata mpando na mshuko wa sauti ya mwalimu wake, lakini maneno hayakuja. Fedha zilipokatika alihamishiwa kwenye matangi madogo huko Miami, na haukupita muda akafa.

Mwaka huo huo, watafiti Melba na David Caldwell walifanya jambo jepesi zaidi kwa pomboo wa bwawani: walisikiliza. Walirekodi pomboo mmoja mmoja akiwa peke yake, wakakuta kila mmoja ana mluzi wenye mchoro wake, wa kupanda na kushuka kwa namna isiyofanana na ya mwenzake, na kila mmoja anaurudia wake tena na tena. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Huo ndio mluzi wa utambulisho. Aliyetaka pomboo aseme kama sisi aliishia na huzuni. Waliomwacha aseme kama pomboo waliondoka na ugunduzi ambao hadi leo, miaka 60 baadaye, watafiti wanaendelea kuujengea.

Kumsikiliza pomboo si kazi rahisi. Hafungui kinywa anapopiga mluzi. Sauti huanzia kwenye vijinyama mithili ya midomo vilivyo ndani ya njia ya pua, chini ya tundu la pumzi. Majini inasafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, hata sikio la mpiga mbizi haliwezi kutambua imetoka upande upi. Wawili wakiogelea sambamba na mluzi ukasikika, nani kaupiga? Mtafiti Peter Tyack alipata jibu kwa kifaa kidogo chenye safu ya taa, kilichobandikwa kichwani mwa pomboo kwa mpira wa kunyonya. Mnyama akitoa sauti, taa zinawaka. Sauti ikiwa kubwa, zinawaka nyingi. Akawavalisha pomboo wawili wa bwawani huko Cape Cod, na 1986 akachapisha alichokiona: kila mmoja alikuwa na mluzi wake, na kila mmoja aliweza kuupiga wa mwenzake.

Utafiti ambao ningependa ubandikwe ukutani katika kila ofisi inayosaini karatasi za kuhamisha pomboo ulifanywa na Vincent Janik na Peter Slater kwenye bustani ya wanyama ya Duisburg, Ujerumani, ukachapishwa 1998. Pomboo wote walipokuwa pamoja kwenye bwawa moja, mluzi wa utambulisho ulisikika kwa nadra. Walizungumza kwa miluzi mingine. Mmoja wao alipojiendea kwenye bwawa la pembeni, bila kulazimishwa na mtu, mambo yaligeuka. Aliyetoka akaanza kupiga mluzi wake wa utambulisho, na waliobaki nao wakapiga yao. Kazi ya mluzi huo ikawa dhahiri: ni wa kuwashikanisha waliopoteana.

Hayo yalitokea mnyama alipohama mwenyewe, kwa hatua chache, akijua njia ya kurudi. Sasa ifikirieni siku ya uhamisho halisi: maji yamepunguzwa, mnyama amelazwa kwenye machela, winchi inamnyanyua, na wenzake wamefungiwa upande wa pili wa lango. Kule Sarasota, Florida, ambako pomboo wa porini hushikwa kwa muda mfupi kupimwa afya kisha huachiliwa, utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba wakati wa kushikwa wanapiga miluzi kwa wingi kuliko wanapokuwa huru, na watafiti wakapendekeza mluzi utumike kama kipimo cha msongo. Kipimo hicho hakihitaji sindano wala maabara. Haidrofoni moja, yaani maikrofoni ya ndani ya maji, inatosha.

Halafu kuna Bailey na Allie. Mwaka 2013 mtafiti Jason Bruck alichapisha utafiti wa pomboo 43 kutoka taasisi 6 ambazo kwa miaka mingi zilikuwa zikipeana wanyama kwa ajili ya uzalishaji. Alishusha spika majini, akacheza miluzi ya pomboo ambao msikilizaji hakuwahi kukutana nao, hadi msikilizaji akachoka na kuacha kuijali. Hapo Bruck akachomeka mluzi wa pomboo ambaye msikilizaji aliwahi kuishi naye. Mnyama aliyekuwa ameshapuuza anageuka, anaisogelea spika, anaielekea, mara nyingine anapiga mluzi kuielekea. Bailey alikuwa Bermuda. Allie alikuwa Brookfield, karibu na Chicago. Waliwahi kuishi pamoja wakiwa wadogo katika visiwa vya Florida Keys, na walikuwa wametengana kwa miaka 20 na nusu. Mluzi wa Allie ulipotoka kwenye spika, Bailey aliutambua. Na kwa kundi zima, urefu wa muda wa kutengana haukuonekana kufifisha kumbukumbu.

Waheshimiwa, kilichowezesha utafiti huo ni mafaili yenu. Bila mtu aliyeandika miaka ya nyuma kwamba pomboo fulani aliishi na fulani, bwawa fulani, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, Bruck asingejua mluzi upi ni wa rafiki na upi ni wa mgeni. Utunzaji wenu wa kumbukumbu ndio uliotuonyesha kwamba pomboo anamkumbuka mwenzake kwa miongo. Lakini kumbukumbu hizo hizo zinaonyesha pia ni mara ngapi wanyama hawa wametenganishwa na waliowazoea. Anayejua la kwanza hawezi tena kujifanya hajui la pili.

Nafahamu wapo wataalamu wanaotahadharisha tusikimbilie kusema pomboo ana jina. Brenda McCowan na Diana Reiss, wote wawili wakiwa wameshafanya kazi na pomboo wa mabwawani, walichapisha pingamizi kali 2001, wakisema miluzi mingi waliyoichambua inatumiwa na wanyama wengi kwa pamoja. Pingamizi hilo lilisaidia, kwa maana liliwalazimisha wengine watafute ushahidi mgumu zaidi. Mwaka 2006 Janik, Laela Sayigh na Randall Wells walitengeneza kwa kompyuta miluzi iliyobaki na mchoro tu, bila rangi ya sauti ya mwenyewe, na pomboo wa Sarasota bado wakaonyesha wanajua ni wa ndugu au si wa ndugu. Mwaka 2013 Stephanie King na wenzake, wakitumia rekodi za Sarasota pamoja na za madume wanne wa bwawani Florida, walionyesha kwamba pomboo huiga mluzi wa mwenzake wa karibu wanapotengana: mama na mtoto, dume na swahiba wake. Na 2022 Bruck, Janik na Sam Walmsley walikwenda mbali zaidi. Pomboo wa Bermuda na Hawaii walionjeshwa mkojo wa pomboo wanayemjua, huku spika ikicheza mluzi. Mkojo na mluzi vilipokuwa vya mnyama mmoja, walikaa muda mrefu zaidi karibu na spika. Maana yake mluzi unamleta kichwani mwa msikilizaji pomboo mahsusi, ambaye anaweza kutambuliwa hata kwa ladha.

Kwa mlezi, basi, mabishano ya istilahi hayabadilishi wajibu. Tuite jina, tuite alama, tuite sauti ya kuitana. Mnyama anayeitumia anajua ni ya nani, na anaikumbuka.

Jambo la pili ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni watoto, kwa sababu hapa bwawa haliwi tena mahali pa kusikilizia tu. Linaingia ndani ya sauti yenyewe.

Pomboo hazaliwi na mluzi wake. Anautunga katika miezi ya mwanzo ya maisha, akichukua vipande kutoka kwenye sauti zinazomzunguka. Mama naye hufanya kazi yake: watafiti waliorekodi majike mabwawani karibu na kujifungua wamemkuta mama akiupiga mluzi wake kwa wingi usio wa kawaida siku za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, na huko Sarasota utafiti wa mama 19 uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa mluzi wa mama huchukua upana mkubwa zaidi wa sauti, ukipanda juu zaidi, anapokuwa na mtoto wake. Masikio ya mtoto yako wazi wakati huo wote.

Bwawani kuna sauti nyingine inayosikika kutwa nzima: filimbi ya mkufunzi. Mnajua wenyewe inavyofanya kazi. Mnyama akitenda sawasawa, filimbi inalia, na mlio huo unamwambia amepatia na samaki anakuja. Ni mlio mmoja ulionyooka, hauna mpando wala mshuko. Mwaka 2002 Jennifer Miksis, Tyack na John Buck walilinganisha miluzi ya pomboo waliokulia mabwawani na ya pomboo wa porini, wakakuta miluzi ya wa mabwawani imenyooka zaidi na inafanana zaidi na filimbi za wakufunzi wao. Yaani mtoto alipokuwa anatunga sauti atakayojulikana nayo maisha yake yote, alichota kwenye kifaa cha kazi kilichoning'inia shingoni mwa mtu.

Silitaji hilo kama kosa la mtu. Mkufunzi alikuwa anafanya kazi yake, na mtoto alikuwa anafanya ya kwake. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hakuna sauti bwawani isiyomhusu pomboo. Huko Port Elizabeth, katika maandishi ya C. K. Tayler na Graham Saayman ya 1973, kuna pomboo aitwaye Daan aliyezoea kuwatazama wapiga mbizi wakisugua vioo vya bwawa. Siku moja naye alichukua unyoya wa ndege, akaanza kuupitisha kwenye kioo, huku akitoa sauti inayokaribia kabisa ile ya kifaa cha mpiga mbizi cha kupumulia, na akiachia mapovu mfululizo kama yanayotoka kwa mpiga mbizi. Hakufundishwa. Hakupewa samaki. Alisikia, akaona, akaiga. Na kwenye bustani ya Planète Sauvage, Ufaransa, watafiti waliripoti kwamba pomboo watano, ambao mchana walisikilizishwa sauti za nyangumi ndani ya muziki wa maonyesho, walirekodiwa usiku wakitoa sauti zinazofanana na hizo za nyangumi, ambazo si sauti za pomboo hata kidogo.

Sasa niyataje ninayoomba, moja baada ya jingine.

Kwanza, rekodini. Hamna haja ya kumtenga mnyama ili mpate mluzi wake, kama walivyolazimika watafiti wa zamani. Tangu 2013 ipo njia iliyochapishwa na Janik, King, Sayigh na Wells: mluzi wa utambulisho huja kwa mfululizo, ule ule ukirudiwa baada ya sekunde 1 hadi 10. Mluzi wa mchoro mmoja ambao angalau robo tatu ya milio yake inafuatana kwa mpangilio huo unahesabiwa kuwa wa utambulisho. Kujua ni wa nani, rekodini siku ambazo mnyama yuko peke yake kwa sababu nyingine, mathalani anapopimwa na daktari. Sehemu kubwa ya miluzi iko chini ya kilohezi 25, kwa hiyo kinasa sauti kinachochukua sampuli 96,000 kwa sekunde kinatosha. Ni vidoko tu, vile vya kutafutia njia na samaki kwa mwangwi, vinavyopita kilohezi 100 na kudai mitambo ya gharama. Chapeni mchoro wa mluzi kwenye karatasi, muda ukienda kulia na sauti ikipanda juu, muandike tarehe na majina ya waliokuwa bwawani. Mtoto arekodiwe kila mwezi mwaka wake wa kwanza. Mtoto wa binadamu ana kadi yake ya kliniki. Huyu naye awe na yake.

Pili, uhamisho usiamuliwe kwa nasaba na nafasi ya bwawa peke yake. Kabla ya kusaini, mwenye dhamana asome ukurasa wa sauti: mnyama huyu anaiga mluzi wa nani, na nani anauiga wake? Hao ndio watu wake. Ikibidi ahame, ahame na mmoja wao. Mtoto asitenganishwe na mama kabla ya umri ambao porini angeondoka mwenyewe. Sarasota watoto hukaa na mama miaka 3 hadi 6. Na miluzi irekodiwe wiki moja kabla ya safari na wiki kadhaa baada ya kufika, kwa wanaohama na kwa wanaobaki. Waliobaki husahaulika sana katika hesabu hizi.

Tatu, pimeni kelele mahali pomboo alipo, yaani chini ya maji. Wageni wengi huulalamikia muziki wa spika zilizo juu ya jukwaa, lakini sauti ya hewani hurudishwa kwa sehemu kubwa na uso wa maji. Pampu, mabomba na mashine zilizokazwa kwenye zege ndizo hupeleka mtetemo moja kwa moja majini, na kuta za zege huurudisha tena na tena. Pampu ikikaa juu ya mpira na bomba likiwa na kiungo cha kunyumbulika, hali inabadilika. Wekeni saa za kimya kila siku, na pale penye mama na mtoto mchanga kimya hicho kiwe kirefu na filimbi ipunguzwe.

Nne, rekodi zisigeuzwe burudani. Teknolojia inakuja mbio; Aprili 2025 Google ilitangaza DolphinGemma, programu iliyofunzwa kwa rekodi za pomboo wa Bahamas zilizokusanywa na mradi wa Denise Herzing tangu 1985. Haitachukua muda mtu apendekeze kuwachezea pomboo miluzi ya wenzao mbele ya wageni waone wanavyoitika. Kataeni. Kenya upo mfano wa tembo: huko Amboseli, Karen McComb na wenzake, akiwemo Mkenya Soila Sayialel, waliwahi kucheza sauti ya tembo jike aliyekuwa amekufa, na familia yake ikaisogelea spika ikimwita, hata miezi 23 baada ya kifo chake. Jambo kama hilo linafanywa mara chache, kwa swali zito la kisayansi. Halifanywi kwa makofi ya saa tisa alasiri.

Tano, fungueni rekodi hizo kwa watafiti, wakiwemo wa kwetu. Miluzi ya pomboo wa Unguja imeshachunguzwa pamoja na ya Afrika Kusini, katika utafiti wa Tess Gridley na wenzake uliochapishwa 2012, lakini baharini ni vigumu kujua nani kapiga mluzi upi na ana umri gani. Ninyi mnajua. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja na ile ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Mombasa zikipata rekodi zenye umri, jinsia na nasaba, zitaweza kusoma vizuri zaidi kinachotokea pale boti za watalii zinapomzingira mama na mtoto Kizimkazi. Hapo pomboo wa bwawani atakuwa amemfaa wa porini, jambo ambalo mabango yenu mengi yanaahidi.

Mtasema ni gharama. Haidrofoni, kinasa sauti na saa chache za mtumishi kwa mwezi haziwezi kuilemea taasisi inayonunua samaki kwa tani na kuendesha pampu usiku na mchana. Mtasema wakufunzi wameshazidiwa na kazi. Wapo wanafunzi wa vyuo vikuu ambao wangelala kando ya bwawa lenu wakipewa ruhusa. Mtasema pomboo huzoea. Ni kweli huzoea mengi. Bailey naye alizoea Bermuda, akala, akakua. Hakumsahau Allie.

Vyama vya ithibati ndivyo nilivyovikusudia zaidi. Kurugenzi moja ikikubali, itakuwa hisani. Sharti likiingia kwenye viwango vinavyokaguliwa, litakuwa kanuni, na mkaguzi atafungua faili na kuuliza ukurasa wa sauti uko wapi, kama anavyouliza leo majibu ya damu. Viwango hivyo hupitiwa upya kila baada ya muda. Naomba ombi hili liwe kwenye ajenda ya mapitio yajayo, na uamuzi wake utangazwe pamoja na sababu, uwe wa kukubali au wa kukataa.

Nanyi ndugu zangu wa Dubai, Abu Dhabi na kwingineko mnaowapeleka watoto kwenye maonyesho, mna nafasi yenu. Onyesho likiisha, wakufunzi huwa wanabaki kujibu maswali. Ulizeni haya matatu: pomboo huyu ana mluzi gani, aliwahi kuishi na nani, na hao wako wapi sasa? Mkufunzi mwenye faili kamili atawajibu pale pale, pengine kwa fahari. Asiye nalo atapeleka swali ofisini, na swali lililoulizwa na wanunuzi wa tiketi wengi huwa halikai sana bila kujibiwa.

Wasalaam,

Mwandishi wa makala za sayansi,
Unguja.